Dawa au Maji

Saa nane usiku walimleta Wilmar.
Pikipiki ilibaki imelala kwenye mteremko wa Chipre, taa ingali inawaka,
na sanduku la mikate ya mahindi limefunguka barabarani,
mbwa wanakula kabla haijapoa.

Macho: hayafunguki mpaka umfinye.
Maneno: hakuna, hata mguno.
Mkono: unajikunja kifuani kama wa mtoto usingizini.
Nikajumlisha: sita.
Mtu mzima, miaka thelathini na mmoja,
mwenye deni la pikipiki na mchumba huko Pereira,
ameenea katika tarakimu moja.

Dada yake, Yolima, alivaa koti juu ya nguo ya kulalia.
Nikamweleza: kuna dawa ya kushusha uvimbe wa ubongo,
tunaijaribu. Nusu ya visanduku vina dawa,
nusu vina maji ya chumvi.
Vimefungwa sawa, vina uzito sawa,
nami sijui kipi ni kipi.

"Daktari anajua?"
Hajui.
"Kompyuta?"
Inajua, lakini haisemi.
Akanitazama kama unavyomtazama mtu
anayecheza kamari na mtoto wa mwenzake.
Kisha akatia saini. Herufi ya mwisho
iliteleza hadi nje ya karatasi.

Nikavuta kilichokuwa mbele jokofuni: 4417.
Saa moja baadaye, kitanda cha tisa, mzee Ovidio,
mchuma kahawa aliyeanguka kutoka juu ya lori:
4418.
Viatu vyake nilivitia mfukoni na tope lake.

Hapa lazima niseme jambo
ambalo kwenye fomu halina nafasi.
Kabla ya jaribio hili, miaka kumi na tisa,
dawa hiyohiyo nilimdunga kila aliyeletwa na kichwa kilichopasuka.
Hakuna aliyeuliza. Mwalimu wangu aliidunga,
na mwalimu wake pia.
Aliyepona, tulisema: dawa.
Aliyekufa, tulisema: kichwa.
Hivyo dawa haikukosea hata siku moja.

Miezi sita ilipopita nilimpigia Yolima simu, nikamsomea maswali.
Anavaa mwenyewe?
Anavaa, ila vifungo vinamshinda.
Anakwenda dukani peke yake?
Anakwenda. Anarudi na kitu kingine.
Amerudi kuwa yule wa zamani?
Hilo halikuwamo kwenye karatasi, niliuliza mwenyewe.
"Anacheka pasipo na kichekesho," akasema.
"Zamani hakuwa mtu wa kucheka."
Nikatia alama: ulemavu wa wastani.

Mwaka wa nne ikaja barua: simamisheni.
Waliohesabiwa walikuwa maelfu, kutoka miji nisiyojua hata kuitamka,
na waliopewa dawa walikufa zaidi.
Si wengi zaidi. Watatu, wanne, katika kila mia.
Kiasi ambacho jicho la muuguzi mmoja,
hata likikesha miaka kumi na tisa,
haliwezi kukiona.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma, wanakovutia sigara watu wa dobi,
nikajaribu kuwapanga wagonjwa wangu mia kwa mia.
Sikumaliza hesabu.

Desemba Yolima alikuja na peremende za mapera,
kama kila mwaka, kushukuru kwa "ile dawa".
Nikamwambia. 4417 yalikuwa maji ya chumvi.
Alinyamaza, akifungua na kufunga zipu ya mkoba.
Hakumtaja Mungu. Hakulia.
"Basi aliyepewa dawa," akauliza, "alilala wapi?"

Nikaelekeza kidole kitanda cha tisa,
ambapo msichana wa chuo, bandeji hadi kwenye nyusi,
alikuwa akila jeli kwa kijiko cha plastiki.
Na jokofuni, rafu ya juu, visanduku vipya,
dawa nyingine,
namba zinaanzia moja.