Kilio cha Kuazima

Usiku ule alipanda ngazi miguu mitupu,
Antifilo, mume wangu, kinyago kwapani:
sura ya mwanamke, kitani kilichokazwa kwa gundi,
mdomo wazi kama kisima kisicho na kamba.
"Filina," akasema, "mwanamke hulia vipi?"

Nikaweka sufu chini. Nilidhani ananitania.
Mwaka wa kumi na mmoja huu nyumbani mwake
hajaniuliza hata kama chumvi imekolea.

Katika mchezo ule yeye ni malkia.
Mwanawe ameuawa, analetwa juu ya ubao.
Maneno anayo, kayatunga mwanamume.
Wanawake wa kuitikia ni wanaume kumi na watano,
waamuzi ni wanaume,
na malkia mwenyewe kanyoa ndevu asubuhi.
Kilichopungua ni kitu kidogo tu, sauti.

Akajaribu. Akajipiga kifua, akabweka.
"Sivyo," nikamwambia,
na neno hilo likanishangaza mdomoni
kama mgeni aliyekosea mlango.
"Sivyo. Hakianzii kooni, kinaanzia magotini.
Kwanza pumzi inakwisha. Kisha unaitafuta.
Kisha mkono unakwenda pale alipolala,
unapapasa,
unakuta pana vuguvugu bado."

Hakuuliza nilijifunzia wapi.

Miaka minane nyuma, mizeituni ikichumwa,
nilizaa mtoto wa kike, wa pili.
Akammulika kwa taa kama mtu akaguaye samaki.
Huku kwetu baba ndiye amlipaye mkwe.
"Mabinti wawili, mahari mbili," akasema. "Sina."
Mtumwa akamtia chunguni,
akatoka naye kwa lango la machimboni.
Nikafungua kinywa. Akakiziba kwa kiganja:
"Nyamaza. Majirani watasikia."

Siku ya tamasha nilipanda darini.
Kutoka kilimani, juu ya vigae vya mji mzima,
nikakisikia kinakuja, kilio changu,
kimevaa joho la zambarau,
na maelfu wanalia nacho,
wanaume wale wale
ambao viganja vyao nimesimuliwa na wake zao kisimani.

Wakamleta usiku na taji la majani.
Wakanywa hadi jogoo. Mmoja akauliza,
"Umewezaje kuwa mwanamke kiasi kile?"
Nilikuwa nyuma ya pazia na mtungi wa maji.
"Kipaji," akajibu.

Lakini mwisho wake sikumpa,
pale kilio kinapogeuka kuwa jina.
Nilimwambia, "Hapo unanyamaza, unaanguka."
Akaanguka vizuri, wanasema.

Jina ninalo mimi.
Naliita nikifuma, uzi juu, uzi chini,
yeye huko chini akikoroma, taji limempanda puani.
Binti yangu mkubwa huinua kichwa mkekani:
"Mama, unamwita nani?"
"Nahesabu nyuzi," namwambia. "Lala."
Juzi hakulala.
Alikuja akakaa karibu na kitanda cha mfumi,
akasema, "Basi nifundishe kuhesabu."