Daftari la Mkizi

Mchana napima karafuu za watu kituoni Wete,
gunia baada ya gunia, naandika kilo na daraja.
Usiku nafungua daftari jingine,
jalada lake limeliwa na mende,
naandika Mkizi kauza ngapi.

Si yule wa baharini. Mkizi wa katuni,
mwenye magamba ya fedha kifuani,
akikasirika huruka mapaa saba kwa mpigo.
Huja kila mwezi na boti ya Mkoani
ndani ya boksi la tambi lililofungwa kamba mbili,
mpaka dukani kwa Faki Shaame,
baina ya sabuni za mche na betri za redio.

Januari, kumi na nne. Shule zimefunguliwa,
pesa zote zimekwenda kwenye sare.
Februari, kumi na moja.
Machi, Ramadhani, tisa,
na katika hizo tisa moja ilirudishwa na mama wa mtu
akiwa kaishika kwa ncha za vidole.
Aprili, Idi! Ishirini na sita,
watoto wana mkono wa Idi mfukoni, unawawasha.
Mei, masika, boti haikuvuka,
boksi lilifika limelowa na Mkizi kavimba kama maiti.
Sita.

Faki hunicheka:
"Weye! Wahesabu mali ya watu kama mtoza zaka."
Mke wangu Zuwena hacheki.
Huuliza tu, mtu mwenye miaka arobaini na mbili
anatafuta nini kwenye magamba.

Natafuta mstari. Nataka kuujua unapopanda
kabla haujapanda.
Julai karafuu zikaiva,
watoto wakachambua, wakalipwa kwa pishi,
vidole vyeusi vikafungua kurasa:
thelathini na tatu.
Agosti, thelathini na tano.
Nikadhani sasa tumefika.

Septemba, toleo la arobaini, wakamuua.
Walimuua vizuri, sisemi uongo,
kurasa nne hazina neno hata moja.
Arobaini na nane! Watu walitoka Konde kuja kununua kifo.
Oktoba wakamlilia: ishirini na tisa.
Novemba wakamfufua, na kumfufua hakukuuza.
Kisha wakaanza kuhesabu upya, Toleo la Kwanza,
hadithi ile ile, majalada mawili,
moja la kawaida na moja la kung'aa kama bati jipya,
nami mjinga nikayachukua yote mawili.
Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi.
Waliosema hivyo hawakuijua katuni
ila soko walilijua.

Sasa nikiri.
Mwezi ule Faki aliuza saba.
Wakala wa Dar hatumi boksi chini ya kumi.
Nikatoa elfu sita, nikachukua tatu zaidi,
nikaandika kumi, kwa wino, bila kutetemeka.
Mimi ninayemrudishia mkulima gunia kwa kokoto moja.
Niliurudi mstari wangu nikautazama:
huku umeinuliwa na mvua, huku na Idi,
na pale mwishoni umeinuliwa na mimi.

Jana Raya, binti wa fundi baiskeli,
alinirudishia toleo la arobaini nililomwazima.
Halina jalada. Lina doa la mchuzi,
pini zimeota kutu.
Nyuma wameandika majina, kila aliyesoma na lake,
wa Jadida, wa Limbani, wa Bopwe,
wawili wa Utaani waliogombana nani kaanza.
Kumi na saba. Mmoja kajiandika mara mbili.

Nakala moja, iliyouzwa mara moja.
Sina safu ya kuwatia hawa.
Mizani ya kituoni nayo ndivyo ilivyo,
kilo inazijua, harufu haiijui,
na harufu ndiyo narudi nayo nyumbani shatini.

Nikafungua ukurasa ule wa kifo.
Pembeni, kwa penseli,
mwandiko wa mtoto wa darasa la tatu, herufi zinapanda mlima:
"Hajafa huyu. Kakasirika tu."