Mfasiri wa Komini Kenya

Baba hakujua Kihindi.
Alijua midomo.
Alikaa kwenye kreti ya bia kando ya televisheni,
kipaza sauti kimefungwa utepe mweusi shingoni,
na watu themanini wa komini Kenya, Lubumbashi,
wakamwamini kuliko katekista.

Kaseti alipewa na mjane wa Bwana Jivraj, muuza vitambaa.
Zilinukia iliki. Majina yake hatukuweza kuyasoma,
tuliziita kwa makovu: Yenye Ufa, Iliyoungua, Isiyo na Mwanzo.

Miaka ile Kampuni ilipolipa,
unga wa mwezi ukifika na gunia lake,
filamu zilikuwa za mkulima na mkopeshaji:
ng'ombe mmoja, deni, wingu lisilodondosha kitu.
Baba alimpa mkopeshaji sauti ya puani,
watu wakacheka.
Deni lilikuwa jambo la wenzetu.

Kisha wakaja wale vijana wa bandarini,
shati wazi hadi kitovuni,
wakivunja mageti ya viwanda kwa bega.
Huku nako shemine ilikuwa imeacha kutoa moshi.
Moshi ule tuliuzoea kama kikohozi cha mtu wa chumba cha pili:
kikinyamaza, ndipo unaamka.
Mwezi wa ishirini bila mshahara
kijana wa sinema akafungua mdomo mbele ya tajiri,
Baba akasema, "Mkurugenzi, tupe jasho letu,"
na fundi Mwepu, aliyezeekea shimoni,
akasimama juu ya benchi
akalia bila kujifuta.
Baba akasimamisha mashine. Hakuna aliyedai franka zake.

Baadaye, sijui Wahindi walipatwa na nini.
Umaskini ukatoweka kwenye picha kama vumbi siku ya ugeni.
Nyumba zenye ngazi mbili, helikopta, theluji,
arusi ya siku saba na mashangazi wanacheza.
Sisi tulikula bukari mara moja, jioni.
Watu wakazidi kuja.
Mama, aliyeuza karanga mlangoni, akauliza,
"Hivi wale wakulima wao walikwenda wapi?"
Baba akasema wamepata kazi jikoni,
hawaonyeshwi.

Halafu usiku ule.
Filamu haina ngoma hata moja.
Mke, masufuria, bomba linalovuja.
Mume anasoma gazeti, baba mkwe anaitisha chai.
Anaosha, anaosha. Watu wakaanza kuguna.
Mwishoni akavua bangili, akaziweka mezani,
akasema neno fupi, akatoka.

Baba: "Nisamehe, mume wangu, nimekosa."

Kutoka mlangoni, sinia kichwani:
"Numbi. Mdomo wake haukusema hivyo."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilisikia feni.
Kisha wanawake wa benchi la nyuma: "Rudisha."
Baba akarudisha.
Mwanamke akaingia kinyumenyume, akavaa bangili,
akachafua sahani moja baada ya nyingine,
akasimama, akaanza upya kuziosha.
Safari hii hakuna aliyeguna.
Alipofika mlangoni Baba alikohoa.
"Sirudi," akasema,
si kwa sauti ya kike wala ya puani,
kwa ile aliyoitumia nyumbani kuomba chumvi.

Usiku huo aliosha sahani yake.
Moja. Vibaya, mawese yamebaki ukingoni.

Baba tumemzika kule upande wa teri,
mlima mweusi wa takataka za shaba.
Mwaka jana nikaipata filamu ile kwenye simu,
maandishi ya Kifaransa yakipita chini.
Nikatazama hadi bangili.
Hakusema nisamehe. Hakusema sirudi.
Alisema, "Chai iko kwenye chupa."

Nikamwambia Mama. Alikuwa anapepeta karanga,
maganda yanaruka hadi kwenye nywele zake.
Akasimamisha ungo.
"Bado ya moto?"

Sikujua.
Nikarudisha tena.