Chaki Nyekundu

Bahasha imerudi na basi la usiku,
imelala siku tatu ofisi ya vifurushi, Mafinga,
kati ya gunia la njegere na tairi la pikipiki.
"Nyagawa, mzigo wako huu," karani akasema,
"mwepesi tu, na nauli imelipwa."
Mwepesi.
Kurasa mia mbili na kumi na mbili,
miaka sita ya mafuta ya taa.

Barua ina mistari mitatu.
Tunashukuru. Tumeisoma. Hatuihitaji kwa sasa.
Hilo "kwa sasa" nimelitafuna hadi Kinyanambo
kama kapi la muwa lililokwisha utamu,
unajua halina kitu, na hulitemi.

Hii ni ya nne.
Ya kwanza ilianza, "Ndugu Mlowe."
Nikamhurumia Mlowe, popote alipo,
huenda naye amekataliwa kwa jina langu.

Edina akauliza, "Wamesemaje?"
"Wamesema kwa sasa."
"Basi kwa sasa ugali unapoa."

Nikala. Nikakaa mezani.
Na hapo, chini ya kiwiko,
nikaiona eksi.

Niseme kazi yangu.
Saa moja asubuhi, ukungu haujabanduka kwenye magogo,
nasimama getini mwa kiwanda na chaki nyekundu.
Mbao zinapita: mbili kwa nne, moja kwa nane,
paina mbichi, utomvu unanata vidoleni.
Natazama vifundo. Natazama upinde.
Natazama ile buluu ya kuvu inayoanza pembeni.
Nachora eksi, ubao unawekwa kando,
mwenyewe anaondoka nao, au anauacha.
Miaka kumi na moja nalipwa mshahara kwa kukataa
na sijawahi kukosa usingizi.

Mwezi wa saba, baridi ile ya kufa ganzi masikio,
alikuja Zabron Ngimbudzi na mkokoteni,
mbao arobaini, miti ya marehemu baba yake.
Nikakataa thelathini na moja.
"Kamwene, mkubwa," akasema taratibu, "zina nini?"
Foleni ilikuwa imefika barabarani.
Nikamjibu, nakumbuka sasa, nakumbuka vizuri mno:
"Hatuzihitaji kwa sasa."

Nne nilizinunua mwenyewe jioni, kwa bei ya kuni.
Ndiyo meza hii.
Randa ilipita mara mbili, eksi haikutoka yote,
na kifundo kimebaki, cheusi, duara kama jicho la ng'ombe.
Kifundo ni mahali palipokuwa na tawi.
Mti haukusimama kulililia,
ulinenepa tu, ukalifunika.
Nimekitolea chai juu yake miaka miwili
na meza haijawahi kuyumba.

Nikatoa chaki mfukoni mwa koti.
Ukurasa wa arobaini na moja:
mama anakufa kwa mistari miwili
kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika harusini.
Eksi.
Ukurasa wa sitini, mvua inanyesha bila sababu.
Eksi.
Ukurasa wa tisini, bibi anagema ulanzi alfajiri,
mianzi inadondosha, na yeye anahesabu madeni kwa matone.
Hapa wamekosea wao.
Hapa sigusi hata nukta, waje na barua mia.

Sikulala vizuri. Sitadanganya kwamba nilipona.
Asubuhi kifua kilikuwa kizito kama gogo lililolowa,
na mtu wa kwanza kwenye foleni
alikuwa mama mmoja wa Ifunda, simjui,
ana mbao kumi na mbili na mtoto mgongoni.
Nikachora eksi kwenye tano. Akageuka kuondoka.
"Subiri," nikasema.
"Huu kifundo kimelegea, kitadondoka. Huu umepinda, tazama, weka jicho hapa.
Huu ungekata futi moja tu mwishoni, ungepita."
Akainama, akaweka jicho.
Nyuma yetu lori likapiga honi,
likapiga tena,
na mimi nikaendelea na wa nne.