Konzi

Kwetu Mizoram, kabla sufuria haijabandikwa,
mama huchota konzi moja la mchele
akaliweka kando, kwenye kopo la kanisa.
Asubuhi konzi, jioni konzi.
Hakuna anayepigiwa tarumbeta kwa hilo.

Nilikuwa karani wa posta, nimestaafu,
mtu wa miwani na mwandiko unaosomeka,
kwa hiyo Pi Ngurthansangi alipokuja na wazo lake
alikuja pia na daftari, tayari limepigwa mistari.
Nikamwambia: Dada, mchele huo ni wa wainjilisti.
Akasema: Nusu.
Nikamwambia: Huna nyumba.
Akasema: Ghala la tangawizi la marehemu Biakzuala lina paa.
Nikamwambia: Usajili. Aizawl ni mbali, na mlima umeporomokea barabara.
Akanitazama kama muuguzi anavyoutafuta mshipa uliojificha,
hana haraka, anajua upo.

Ng'ambo ya mto Tiau ni Burma.
Unga mweupe huvuka usiku ndani ya visanduku vya sabuni.
Mwaka ule tulizika kumi na mmoja, hakuna aliyefika thelathini,
na nyuma ya kila jeneza walitembea watoto
ambao hatukuwa tumewahesabu.
Tuliimba sana. Sisi ni watu wa kuimba.
Kisha tukarudi nyumbani, tukafunga milango kwa sababu ya baridi.
Hilo ndilo nililotaka lisiandikwe.

Kamati ilikaa jioni nne kutafuta jina.
Mmoja alitaka Bethania, mwingine Nyumba ya Tumaini.
Jioni ya nne mlango ukagongwa chini,
mahali pasipogongwa na mtu mzima.
Mawitea. Miaka mitano, labda sita.
Mfukoni mwa shati alikuwa na sindano ya mamaye,
ameiviringishia jani la mgomba isije ikamchoma mtu.
Pi Sangi alifumbata mchele wa koponi
amwonyeshe kwamba chakula kipo, akamnyooshea mkono.
Mtoto akakunja shingo, akafumba macho:
konzi alilolijua yeye lilikuwa lile jingine.

Akalisubiri.
Nasi, watu wazima saba na mzee wa kanisa,
tulimtazama akilisubiri.
Ngumi ikafunguka polepole karibu na sikio lake,
punje zikamwagika begani, mbili tatu ndani ya ukosi.
Habari ya jina ikaishia hapo. Mwezi wa Machi, mbele ya ofisa,
niliandika la kwanza lililonijia, naye akalikosea herufi.

Mtu asidhani mambo yalinyooka.
Mwaka mianzi ilipotoa maua panya walizaana,
wakatumalizia magunia matatu na Biblia ya mezani hadi Waamuzi.
Vanlalhruaii alichukuliwa na mjomba mwenye karatasi halali;
nilizikagua mwenyewe, muhuri ulikuwa sahihi.
Mpaka leo nayaona mabuti yake ya mpira, makubwa,
la kushoto limepasuka, yakipanda kwenye gari.
Pi Sangi hakunilaumu. Alijifungia jikoni kutwa nzima
akasali bila sauti,
jambo ambalo kwetu ni kama kupiga mayowe.

Sasa niko daftari la ishirini na tatu.
Macho yamechoka; saba zangu zinafanana na moja.
Ghala bado linanuka tangawizi siku za mvua.

Jana alipita Mawitea, fundi pikipiki, kucha nyeusi za oili,
kamshika mkono bintiye aliyetaka kutoa mchele mwenyewe.
Kiganja kidogo. Nusu ilifika koponi, nusu sakafuni,
nami nikabaki na kalamu hewani, nikitafuta safu ya kuiandikia.
Babaye akanyoosha mkono kufuata kifuniko,
ngumi nzima, juu kabisa ya kichwa cha mtoto.
Mimi nilijikunja.
Yeye hata hakuuona;
alikuwa amechuchumaa, anaokota punje,
anazihesabu kwa sauti, na kuikosea nane.