Hakuna Tone Sakafuni

Januari ile nilishuka kuelekea Goris
na magunia sita ya unga kwenye Niva,
theluji imekaa juu ya miamba iliyochongoka,
na kwenye kona ya tatu pedali ikazama.

Haikuzama kwa kishindo. Ilikwenda polepole,
kama mtu anayeketi kwenye kiti asichokiamini.
Nikapampu mara mbili, mara tatu, gari likashika,
nikafika mjini kwa gia ya kwanza, midomo mikavu.

Hrachik hakuuliza habari za njia.
Alisema: kanyaga, shikilia, hesabu.
Kufika kumi na moja
kisigino changu kilikuwa kimegusa zulia.
Akalala chini na tochi,
akapapasa kila bomba, kila gurudumu, kwa kipande cha gazeti.
Gazeti likarudi kavu.

“Hakuna tone sakafuni,” nikasema, na furaha yangu ya kijinga.
“Ndiyo maana naogopa.
Kinachovuja nje hukuchafulia viatu, ukakijua.
Hiki kinavujia ndani.”

Akanichorea kwa kidole kwenye mvuke wa dirisha:
silinda fupi, imezibwa upande mmoja,
pistoni mbili ndani, moja nyuma ya nyingine,
kila moja imevaa mipira yake.
Wewe unasukuma kwa mguu, zenyewe zinasukuma mafuta,
na mafuta hayakubali kubanwa, ndiyo kazi yake,
basi hukimbilia magurudumuni kukamata chuma.
Mbili, ili moja ikifa
isife na safari.
Lakini mpira ukichoka mdomo
mafuta hupenya pembeni, hurudi yalikotoka,
bila kelele.
Mchoro ukaanza kutiririka kabla hajaumaliza.

Kisha akafungua kikopo, akachovya, akanusa.
“Nani alikuongezea?”

Nshan. Kaka yangu.
Alfajiri ya kuondoka kwenda Krasnodar kujenga nyumba za watu
alipangusa vioo, akajaza upepo hata tairi la akiba,
akaona kikopo kimepungua, akamimina alichokuwa nacho:
mafuta ya injini, mapya, ya bei.
“Nimekuachia gari limeshiba,” alisema.

Mipira ilitoka imevimba
kama midomo ya aliyeumwa na nyuki.
Mmoja umechanika.
Hrachik hakumlaumu mtu. Alisema tu
mafuta si mafuta: ya breki hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo,
kwa hiyo kila miaka miwili uyamwage hata kama yanapendeza;
ya injini hulewesha mpira hadi usahau umbo lake.
Akaagiza mipira yote, mpaka ya magurudumuni.
Akasafisha mabomba kwa spiriti.
Tone moja lilidondokea bodi, naye akalimwagia maji mbio,
kwani hula rangi.

Siku ya tatu tukatoa upepo.
Mimi kitini, yeye chini na kimpira
kilichozamishwa kwenye chupa ya jamu ya jozi.
Kanyaga. Shikilia. Usiachie mpaka niseme!
Mapovu yakapanda, makubwa, madogo, machache,
halafu mafuta matupu, rangi ya chai nyepesi.
Nikakanyaga tena, nikahesabu hadi sitini.
Mguu ulisimama palepale, juu,
kama umekuta ukuta.

Jioni Nshan akapiga simu.
Gari lipo? Lipo.
Breki?
Mkononi nilikuwa nao ule mpira uliochanika.
“Zinashika,” nikasema,
na neno hilo lilikuwa kweli, wala halikuvuja tone.
Nikalisikia likizama.

Basi nikamwambia yote. Kona ya tatu. Kikopo.
Akanyamaza.
Nikahesabu, kama nilivyofundishwa.
Kwenye tisa akasema:
“Hrachik amekudai kiasi gani?”
Nikamtajia.
“Nusu ni yangu,” akasema. “Na yale yaliyobaki kwenye debe,
usiyaguse mpaka nirudi.”