Mistari ya Manjano

Mimi ndiye niliyeandika POSHO MILL YA KISASA
kule Jericho, herufi ndefu kama milango,
na KINYOZI MAKINI, na LEO HATUKOPESHI,
juu ya ngazi, bila rula, sigara mdomoni.
Sasa, kwenye daftari la kliniki,
Okumbe huanza mtu mzima, huishia siafu.

Sista Kathambi hakucheka.
Aliligeuza daftari, akaliinamia
kama fundi anayesikiliza injini.
“Herufi zimeanza kukonda lini?”

Daktari aliniuliza habari za mkono.
Jirani aliniuliza habari za chang'aa.
Shemeji alishusha sauti, akauliza
ni nani niliyemkosea huko nyumbani.
Yeye aliuliza habari za herufi.

Akaniandikia saa kwa wino mwekundu:
kumi na mbili, nne, nane, kumi na mbili tena.
“Kidonge hakingoji, Mzee,
wala hakipendi kugombania njia na maharagwe.
Kipe nusu saa ya faragha tumboni.”
Perpetua akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi.
“Na wewe, mama, unalala saa ngapi?”
Kicheko kikakatika.
Mke wangu akatazama dirishani.
Nje ya dirisha lile kuna ukuta mtupu.
Aliutazama muda mrefu,
na sista, mwenye foleni hadi ngazini,
akamwacha autazame.

Hakuniahidi kupona.
Aliniahidi Alhamisi.

Alhamisi simu hulia, saa tisa na kitu.
Nikamweleza habari za mlango wa jikoni:
nikiufikia, miguu hugandama sakafuni,
nia imeshavuka, mwili umebaki,
chai inapoa upande wa pili.
Sauti yangu ilikuwa uzi.
“Sikusikii! Ongea kama muuza viazi!”
Nikapaza. Ploti nzima ya Kaloleni
ikajua kwamba naogopa mlango.
“Basi chora mistari, hatua kwa hatua.
Usiuvuke mlango. Vuka mstari.
Ukishavuka huo, kuna mwingine.”

Utepe ungetosha.
Lakini chini ya kitanda nina kopo la manjano
lililosalia kazi ya mwisho, ya duka la vioo.
Nikaitoboa ngozi ya juu kwa bisibisi.
Saa tano, kidonge kikiwa kileleni,
nikapiga magoti.

Mkono ukatetemeka, brashi ikatetemeka nao.
Nilichora mistari saba.
Hakuna hata mmoja ulionyooka.
Ni kazi ambayo nisingemtoza mtu hata senti,
kazi ambayo ningemfukuzia mwanafunzi.
Perpetua alisimama na ndoo mkononi.
“Umeniharibia sakafu.”
Kesho yake rangi ilipokauka,
akavua ndara, akajaribu yeye kwanza:
moja, mbili, tatu, mpaka kwenye jiko.
Kisha akaniangalia, kimya.

Nilikunywa chai ikiwa moto.

Kliniki iliyofuata tulikwenda na picha kwenye simu.
Sista Kathambi akaikuza kwa vidole viwili,
akaifuata kona baada ya kona.
“Fundi gani asiyetia sahihi?”

Basi jana nimelifungua kopo tena.
Nimeanza na O, karibu na kizingiti,
nikijisemea kwa sauti kama nilivyoagizwa:
kubwa, kubwa, bado kubwa.
Perpetua amelazimika kulisogeza jiko.
E ilikuwa haina pa kukaa.